Mwanamke wa Viazi Nyuma ya Mfalme

Msinicheke, lakini mpaka nilipokuwa mke wa mtu na mama wa mtoto sikujua kwamba picha ina mwenyewe. Nilidhani picha ni ya yule anayeonekana ndani yake. Kisangani ya miaka ile, ambayo wazungu waliiita Stanleyville, tulijua picha za aina mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya studio kule cité, mtaa wetu sisi Weusi: unavaa nguo ya kuazima, unasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, unakaza shingo mpaka inauma, na mpiga picha anakufokea usipepese macho. Ya pili ilikuwa ya kwa Wagenia, watu wa uvuvi wa mtoni. Huko wageni walishuka na magari kuwatazama wavuvi wakitega mitego yao mikubwa ya miti katikati ya maporomoko, na nimemwona kwa macho yangu mzungu mmoja akimwamuru baba mzima avue shati kwanza ndipo ampige picha. Yule baba alilikunja shati lake vizuri, akaliweka juu ya jiwe, akasimama kifua wazi akingoja. Mimi nilikuwa napita na kapu langu la samaki. Niligeuza uso, aibu imenishika kana kwamba nimevuliwa mimi.

Basi mtu angeniambia siku hizo kwamba picha inaweza kumpa mtu heshima, ningemwambia aende zake.

Mama yangu hakupigwa picha ya aina yoyote. Alifia kwetu Maniema, mimi nikiwa tayari nimeolewa huku mtoni, na baba yangu, Mwislamu wa kanzu na tasbihi, hakutaka kabisa kusikia habari za sura ya mtu kwenye karatasi. "Picha ya nini? Hamumuone, si huyu hapa?" ndivyo alivyosema kila mpiga picha alipopita kijijini na mashine yake. Kweli tulimwona. Kisha tukamzika, na hatukumwona tena. Nilichobaki nacho ni namna alivyosimama: katikati ya shamba la mpunga, jembe limelala miguuni, mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, kiganja kimegeukia nje, uso ameuinua kidogo kama anayesikiliza mtu anayemwita kutoka mbali. Alisimama hivyo kila alipochoka. Lakini kadiri siku zilivyopita nilihisi hata hilo linanitoka kichwani. Ilikuwa mkono wa kushoto kweli? Kiganja kiligeukia nje kweli? Niliogopa sana, na sikuwa na wa kumuuliza.

Mume wangu alikuwa karani bandarini, Mkristo, mtu wa kola na wino, na jambo alilolitaka kuliko yote duniani lilikuwa kadi. Kadi ile serikali iliwapa Weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Ukiwa nayo, polisi hakukushika ovyo jioni mtaani kwa wazungu, na mkubwa wa ofisi alikuita "Monsieur" badala ya kukupigia mluzi. Ila haikutolewa hivihivi. Watu wa kamisheni walikuja mpaka nyumbani kwako kukagua: mnakula mezani au chini, watoto wanalala wapi, choo kikoje, mke ni mtu wa namna gani. Aka! Mke alikuwa nusu ya mtihani. Mwanamume anaweza kusoma vitabu vyote, mkewe akila kwa mkono mbele yao, imekwisha.

Ndiyo maana alinipeleka foyer, ile nyumba ambako mabibi wa Kibelgiji walitufundisha sisi wake za makarani kushona, kupiga pasi, kumwogesha mtoto katika beseni, na kutandika meza. Wa kwetu tulimwita Madame tu. Alikuwa mama mnene wa mashavu mekundu, sauti kavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru peke yake: lete, kata, pangusa, si vile. Joto la Kisangani mnalijua, lile la kukufanya utamani kuvua hata ngozi, lakini Madame hakuvua glavu zake nyeupe. Wenzangu walisema anaogopa magonjwa yetu. Mimi niliamini hivyo hivyo, na nilimchukia kidogo kwa sababu hiyo. Somo lake alilolipenda lilikuwa vumbi. Alipitisha kidole chenye glavu juu ya fremu ya picha iliyotundikwa, akatuonyesha ncha imekuwa nyeusi. "Hapa! Mwanamuke muvivu anapangusa mbele. Vumbi iko inakaa juu na nyuma." Tulirudia wote kwa pamoja: juu na nyuma, juu na nyuma.

Mara kwa mara alituletea fungu la magazeti makubwa ya picha aliyokwisha kuyasoma, mengine ya Kifaransa, mengine ya lugha ambazo hakuna kati yetu aliyezijua. Hayakuwa ya kusoma. Yalikuwa karatasi za kupimia nguo: unachora mkono wa gauni juu ya ukurasa, unakata, unauweka juu ya kitambaa. Siku moja nilikuwa nakata kwapa la blauzi, mkasi ukapita shavuni kwa mtu. Nikasimama. Alikuwa mzee wa nchi ya theluji, amekaa kizingitini kwake na kiatu kimoja mkononi, anakitazama. Hakukaza shingo. Hakuna aliyemwambia avue shati. Niliona wazi kwamba aliyempiga alimngoja, akamngoja, mpaka mzee akasahau kuwa anatazamwa, ndipo akampiga. Na picha ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilihisi machozi, mimi mjinga, juu ya mzee wa Kizungu na kiatu chake.

Pembeni kulikuwa na herufi ndogo zimesimama wima. Nikamuuliza Madame ni nini.

"Jina ya ule mutu alipiga," akasema. "Sasa kata."

Jina! Kumbe nyuma ya mashine kulikuwa na mtu mwenye jina, mwenye macho yake, na jina lake likaandikwa. Sikukata. Niliukunja ukurasa ule nikauingiza ndani ya kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, nikachukua mwingine wenye tangazo la sabuni nikamalizia blauzi.

Tangu siku hiyo nilikuwa mwizi wa makombo. Kila nilichoona wenzangu wanataka kukitupa, nilikiomba. Nyumbani nilipika uji mzito wa unga wa muhogo, nikapaka, nikabandika ukutani. Sisi sote tulibandika karatasi hivyo kuziba nyufa, na uji wa muhogo ukikauka umekauka, huubandui tena bila kuchana. Ukuta wa sebule ulijaa dunia. Wanawake wa India wamebeba matofali kichwani. Mtu mweusi kama mimi, wa Brazili, kalala juu ya magunia ya kahawa bandarini, mdomo wazi. Watoto wa Japani wamejibanza chini ya mwavuli uliochanika. Mchimba makaa, mzungu, uso mweusi tititi, anacheka meno peke yake. Loo, huyo nilimcheka na kumhurumia pamoja, maana sikuwa nimewahi kumwona mzungu mchafu.

Ajabu ni kwamba baada ya muda niliwajua wapiga picha wale mmoja mmoja bila kusoma jina, kwa mkono wao tu, kama unavyojua sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ni ya jirani gani kabla hujafunua chungu. Kulikuwa na mmoja niliyemwita Anayeinama, kwa sababu alipiga watu wake kutoka chini, hata muuza vitunguu akaonekana chifu. Mwingine, Mwenye Mvua, sikuwahi kuona jua kwake hata siku moja. Kulikuwa na wachoraji pia. Mmoja alichora mji mzima nyumba zimeinama upande. Mume wangu akaja akatazama, akasema huyo hajui kuchora, mtoto wetu anamshinda.

"Nyumba zetu za cité ziko sawa?" nikamuuliza. "Zimenyooka wapi?"

"Bon, bandika," akasema. "Ila siku wageni watakuja, yote inatoka."

Nilianza kutazama na mimi. Nilichukua karatasi ya blauzi iliyokatwa tundu la kwapa, nikaiweka mbele ya jicho, nikawatazama watu kupitia pale: jirani anaponda makemba, ndizi za kupika, ya lituma, mvuvi wa Wagenia anapanda juu ya mti wa mtego na kamba begani, lakini safari hii na shati lake. Sikuwa na mashine wala sikutarajia kuipata. Nilitaka tu kujua wale wenzangu wa mbali wangesimama wapi. Siku moja wanawake wa bomba la maji wakanikuta.

"Mama ya karani, unachungulia nini katika kwapa ya nguo?" Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nilikunja karatasi yangu nikaenda nyumbani bila maji, masikio yanawaka.

Halafu akaja mwanamke wa viazi.

Alikuwa katika fungu la mwisho la msimu wa mvua, ukurasa mzima, wa yule mpiga picha niliyempenda kuliko wote. Yeye nilimwita Anayengoja. Ndiye aliyempiga mzee wa kiatu. Shamba kubwa la udongo mweusi, mbingu imeshuka chini, na katikati mwanamke wa Kizungu, maskini kabisa, kitambaa kichwani, miguu mitupu imezama katika matope, kapu la viazi pembeni. Jembe limelala miguuni. Mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, kiganja kimegeukia nje, uso umeinuliwa kidogo.

Mama yangu wee! Nilikaa chini. Wenzangu wakadhani nina mimba.

Ngozi haikuwa yake, pua haikuwa yake, na udongo wa Maniema ni mwekundu. Lakini alikuwa yeye, kule kusimama kwake kote, mpaka bega moja lililoshuka. Na mkono ulikuwa wa kushoto kweli, kiganja kiligeukia nje kweli. Sikuwa nimesahau. Nilimbandika karibu na mlango wa jikoni, peke yake, nikapaka uji mwingi hata pembeni ili asije akaanguka. Asubuhi nilipopita nilimwambia, "Mama, umeamka?" Mwanangu naye akajifunza kumwita koko, yaani bibi.

Sasa, mume wangu akaja siku moja na jasho la furaha usoni. Kamisheni inakuja, na Madame wa foyer yumo ndani ya kamisheni. Alitazama kuta zake akashika kichwa. "Ee Mungu wangu! Wazungu maskini! Wazungu wachafu katika nyumba yangu! Watasema tunawacheka. Toa yote. Leo."

Hakuwa mkorofi, nataka mjue hivyo. Alikuwa anaogopa. Mtu aliyepigiwa mluzi tangu ujana wake anaona mlango umefunguliwa kidogo, na mke wake amebandika wachimba makaa ukutani. Nilichemsha maji, nikarowesha, nikakwangua. Muhindi wa matofali alitoka vipande vipande. Mbrazili aliyelala alitoka uji mtupu. Nililia nikikwangua, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilipofika kwa mwanamke wa viazi mkono ulikataa. Kumbandua nisingeweza bila kumchana, na kumchana nisingeweza. Basi nikachukua picha ya mfalme wa Wabelgiji, ile yenye fremu na kioo ambayo kila karani alikuwa nayo, nikaitundika juu yake. Ilimfunika vizuri kabisa. Nikajiona mjanja.

Mjanja gani! Juu na nyuma, juu na nyuma, tuliimba kila wiki, na mimi nikamficha mama yangu nyuma ya fremu.

Siku zilizofuata tulifanya mazoezi. Nilipika lituma, tukaila kwa kisu na uma, yeye upande ule na mimi upande huu, kama watu wanaopasuana. Lituma ni ndizi iliyopondwa, inataka vidole. Uma unateleza juu yake. "Si vile, mama, si vile," alinong'ona, na mimi nilimwona jinsi shingo yake ilivyokaza kama ya mtu wa studio. Nilimwonea haya. Kisha nikaona haya kwa kumwonea haya mume wangu.

Wakaja asubuhi. Mabwana wawili wa Kibelgiji, mmoja mrefu mwenye kofia ya jua na mwingine mfupi wa kuandika, pamoja na Madame na glavu zake. Mume wangu aliwapokea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, kama mtu aliyeshikwa kooni. Waliingia chumbani kwetu. Waliinua shuka ya kitanda ninacholala na mume wangu wakatazama chini yake. Walifungua kabati ya nguo zangu za ndani. Walikwenda chooni, bwana mrefu akachungulia na kutoka haraka. Nani kati yenu amewahi kusimama katika nyumba yake mwenyewe, mikono imekunjwa mbele, akingoja kuambiwa kama choo chake kinafaa? Niliwaka mwili mzima. Jikoni bwana mrefu alifunua sufuria. Nilikuwa nimepika viazi vya Kizungu kwa ajili yao, lakini mwanangu hakuvipenda, na nyuma yake kulikuwa na sufuria ya pili, ya sombe na samaki mkavu. Akafunua na hiyo. Akanusa, akarudisha kifuniko, akatoa leso akapangusa vidole, kimoja kimoja, mbele yangu. Angetukana, ingekuwa afadhali.

Tukarudi sebuleni. Nilidhani imekwisha. Madame akanyoosha kidole chake, akakipitisha juu ya fremu ya mfalme. Kikatoka cheupe, nilipangusa vizuri. Nikapumua. Kisha akaishika fremu kwa mikono miwili akaiinua kutazama nyuma.

Mende wakamwagika. Uji wa muhogo ndio chakula chao, na mimi niliwawekea karamu ya kutosha. Walishuka ukutani, wakapita juu ya kioo, juu ya uso wa mfalme na nishani zake, mmoja akaingia katika mkono wa koti la bwana mfupi. Akaruka na kupiga kelele. Na pale ukutani, pembe zimeliwaliwa, alisimama mwanamke wa viazi na miguu yake katika matope.

Bwana mfupi akamkung'uta mende wake. Bwana mrefu akasogea, akatazama picha, akanitazama. "Qui est-ce? Ni nani huyu?"

Mume wangu akawahi. "Sisi hatumujue, Monsieur. Aliachwa na watu walikaa hapa mbele, sisi hatujafika."

Hatumujue. Alisema hivyo mbele ya mama, na mtoto wetu anamwita koko. Najua aliniokoa, au alijaribu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini damu ilikuwa imenipanda tangu kwenye shuka, tangu kwenye leso, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni mama yangu."

Bwana mrefu akamtazama mwenzake. Wakacheka. Walicheka kwa sauti, wameshikana mabega, "sa mère! sa mère!", mwanamke mweusi na mama yake wa Kizungu wa shamba la viazi. Na mume wangu akacheka pia. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo kikinijia nafunga macho, hata nikiwa sokoni. Alicheka nao, meno yote nje, macho yakiwa yamejaa woga, akasema, "Muke yangu anapenda muchezo, Monsieur." Nilisimama pale nikatamani sakafu inimeze. Niliona haya kwa ajili ya mende, na ya sombe, na ya mume wangu, na zaidi ya yote kwa ajili ya mama yangu, ambaye baba alimlinda maisha yake yote asitazamwe na watu wasiomjua, na mimi nimemsimamisha mbele yao wamcheke.

Madame peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameishika fremu kwapani. Alivua glavu ya mkono mmoja, mara ya kwanza tangu nimjue, akagusa ukurasa pale kwenye kapu la viazi. Nikauona mkono wake. Ulikuwa mpana, vifundo vimevimba, kucha nene, ngozi ya kiganja ina zile sugu za zamani ambazo haziondoki hata ukae foyer miaka mingapi. Naijua mikono ya jembe, nimezaliwa kwayo. Uso wake ulipanda wekundu kutoka shingoni mpaka kwenye nywele. Alivaa glavu upesi, akamtundika mfalme mahali pake, akamnyoosha.

"Le mur est propre," akasema kwa ile sauti kavu. Ukuta ni safi. "Tuende."

Mende walikuwa bado wanatembea.

Mume wangu akapata kadi. Ndiyo, baada ya yote hayo, akaipata, na nina hakika ni nani kati yao aliyeshikilia apewe. Siku ile ile kamisheni ilipotoka, kabla hajajua kama atapata au hatapata, mume wangu alimshusha mfalme, akachemsha maji mwenyewe, akachukua kisu cha mezani tulichofanyia mazoezi ya lituma, akaukwangua ukuta. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Nilikaa na mtoto mapajani nikatazama kitambaa cha kichwa kikitoka, kisha bega, kisha mkono wa kushoto. Alipomaliza alifagia, akasema, "Bon. Imekwisha," bila kunitazama. Hakuwa na raha hata kidogo. Alikuwa na haya kama mimi, na tukala kwa mkono.

Kule foyer Madame aliendelea kama kawaida: lete, kata, pangusa. Ila hakunitazama tena machoni. Na magazeti yalibadilika. Yalikuja yamekwisha kukatwa, madirisha makubwa ya mraba katikati ya kurasa, na ukitazama kilichobaki ni kofia, manukato, wachumba wakicheza dansi. Wenzangu walilalamika kwamba karatasi hazitoshi hata gauni la mtoto. Mimi sikulalamika. Nilijua kilichokatwa. Nilimwazia akikaa kwake na mkasi, anafungua ukurasa baada ya ukurasa, anawatafuta watu wote wenye miguu mitupu ili nisiwaone. Anayeinama, Mwenye Mvua na Anayengoja, sikuwaona tena. Nilipoteza marafiki wale wote bila hata kuagana nao. Na mama akaanza kunitoka tena kichwani.

Kisha tukafundishwa bustani. Nyuma ya foyer palikuwa na kiwanja, tukaambiwa kila mke aliyestaarabika ana tuta lake la saladi na karoti. Jua lilikuwa kali, udongo mgumu, na wenzangu, ambao nyumbani wanalima vizuri kabisa, walijifanya hawajui kushika jembe, ili waonekane mabibi. Madame alikasirika. "Si vile! Lete!" Akampokonya mmoja jembe, akalima yeye. Ee, alilima! Bila kuinua sana, bila kupoteza nguvu, udongo unageuka mstari kwa mstari. Alikwenda mpaka mwisho wa tuta bila kusimama, na alipofika akaliacha jembe lilale miguuni, akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, kiganja nje, akainua uso kidogo.

Nilimwona mama yangu. Mbele yangu kabisa, katika joto la Kisangani, mzima, anapumua.

Sijui nilitoa sauti gani. Madame akageuka akanikuta namtazama, mdomo wazi, na nadhani aliona usoni kwangu ninachokiona, maana tulikuwa wawili tu duniani tunaojua. Akashusha mkono ule haraka, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akauweka mbele, akaukunja na mwenzake juu ya tumbo, na wekundu ukapanda. Na mimi nikainamisha kichwa, haya imenijaa, kana kwamba nimeingia nyumbani kwake, nikainua shuka za kitanda chake na kufunua sufuria zake mbele za watu.

"Endeleeni," akasema. Tukaendelea.

Jioni ile, kabla ya kuwasha taa, nilichukua kioo cha kunyolea cha mume wangu nikakiegemeza dirishani. Nikasimama pale karibu na mlango wa jikoni, mbele ya ukuta mtupu. Nikaweka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno. Nikageuza kiganja nje. Bega moja nikalishusha, uso nikauinua kidogo, na pole pole, katika kile kioo, alianza kuja.

Mume wangu akaingia kutoka kazini, kadi yake katika mfuko wa shati. Akasimama mlangoni.

"Mama, umegeuka nini? Mugongo unauma?"

"Hapana," nikasema, na nikashusha mkono.